Gitaa Kavu na Ubeti: Mwenda Jean Bosco katika Historia ya Ushairi wa Kiswahili

Utangulizi

Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kwa zaidi ya kizazi kimoja kitabu hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha utunzi wa Kiswahili: mizani, vina, beti zinazojitosheleza, na sharti la kuimbika. Miaka miwili kabla yake, katika mji wa madini wa Jadotville (Likasi ya leo), kusini mashariki mwa nchi iliyoitwa wakati huo Kongo ya Kibelgiji, kijana kwa jina Mwenda Jean Bosco alikuwa ameimba kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti cha Hugh Tracey. Hakuwa na vina vya kuhesabika. Alikuwa na gitaa kavu, yaani gitaa lisilotumia umeme, na vidole viwili vya mkono wa kulia. Wimbo wake "Masanga" ulishinda tuzo ya Osborne ya mwaka 1952 na kusambazwa katika santuri za Gallotone. Tangu hapo umechambuliwa na wanamuziki wa Ulaya na Marekani kuliko pengine wimbo mwingine wowote wa gitaa la Afrika. Wahakiki wa ushairi wa Kiswahili hawajaugusa sana.

Makala haya yanadai kwamba gitaa la Bosco halikuwa msindikizaji wa maneno. Lilifanya kazi ambayo vina na mizani hufanya katika shairi la mwambao: kugawa mishororo, kufunga ubeti, na kumjulisha msikilizaji amefika wapi katika utungo. Mhakiki anayeyanukuu maneno ya wimbo huo peke yake, akayapanga katika karatasi na kuyahukumu kuwa ni vipande visivyoshikamana, amehukumu nusu ya utungo.

Jambo hili linagusa mjadala ambao wasomi wa Kiswahili wameuishi. Baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi (1974), na hasa baada ya Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi (1979), wataalamu waligawanyika kuhusu iwapo utungo usio na vina na mizani ni shairi. Waliotetea kanuni walirudi kwa malenga wa Mvita na Lamu; waliozipinga walielekea kwenye fasihi simulizi ya Kiafrika na ushairi huru wa kuandikwa. Lakini karibu mjadala wote uliendeshwa juu ya karatasi. Kuimbika kulitajwa na kila upande, ila sauti yenyewe ya wimbo, pamoja na ala yake, ilibaki nje ya mlango. Wala haiwezi kusemwa kwamba wasomi walikuwa hawaujui muziki. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri mjini Bombay mwaka 1928, aliandikiwa wasifu na Shaaban Robert mwenyewe, na taarabu imekuwa ikihesabiwa kuwa jamaa wa ushairi. Kilichowekewa mpaka ni jiografia: mwimbaji wa Unguja alipokelewa kama mwana wa nyumbani, na wa Katanga akaachwa kwa wanamuziki.

Kiswahili cha Bunkeya

Bosco alizaliwa Bunkeya, na jina la mahali hapo lina uzito wake. Bunkeya ilikuwa makao makuu ya dola ya Msiri, aliyetoka Unyamwezi, magharibi mwa Tanzania ya leo, akaingia Katanga katikati ya karne ya 19 kwa biashara ya shaba na pembe za ndovu. Wafuasi wake ndio Bayeke. Msafara wa Stairs uliomwua Msiri tarehe 20 Desemba 1891 ulipitia Bagamoyo na ulibebewa mizigo na wapagazi kutoka Unguja. Kwa hiyo uhusiano wa Katanga na pwani ulikuwako kabla ya mkoloni kufungua mgodi wake wa kwanza, na mwimbaji ambaye baadaye alijiita Mwenda wa Bayeke alikuwa akitaja historia hiyo kila alipotaja jina lake.

Hata hivyo, Kiswahili alichoimba Bosco hakikuwa cha misafara pekee. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya vibarua kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai na Ruanda-Urundi. Katika kambi za wafanyakazi Kiswahili kikawa lugha ya amri za kazini, kisha cha jikoni, cha mapenzi na cha ulevini. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha kwamba kukua kwa Kiswahili hicho kulitokana na siasa ya makampuni, wamisionari na serikali, hakukuwa ajali. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza ilipoanza kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, Katanga haikuwa mezani. Sarufi ya huko ikaenda njia yake: upatanisho wa ngeli ulipungua, viambishi vya lugha jirani vikaingia, na sehemu nyingi ambapo Kiswahili sanifu kina "m-" isiyo na irabu, Katanga ilibaki na "mu-".

Msomaji aliyelelewa katika Kiswahili sanifu huiita hali hiyo uharibifu. Sikio la mshairi lingeweza kuamua vingine. Katika hesabu ya mizani, "m" ya "mtu" ni mizani moja kamili, sawa na "mu". Katika kuimba hazilingani: "m" huimbwa kwa midomo iliyofungwa na haiwezi kushika noti ndefu pasipo taabu, hali "mu" inampa mwimbaji irabu ya kusimamia. Lugha iliyosemwa kuwa imepoteza sarufi ilikuwa imehifadhi jambo ambalo mwimbaji alilihitaji. Hoja hii haitoshi kukifanya Kiswahili cha Katanga kuwa bora kuliko kingine, lakini inatosha kumzuia mhakiki asikihukumu kwa kanuni zilizotungwa kwa ajili ya kalamu.

Galatoni

Nchini Tanzania gitaa kavu huitwa pia galatoni. Neno hilo ni kumbukumbu ya biashara. Eric Gallo alianza na duka la gramafoni mjini Johannesburg mwaka 1926. Kampuni yake ikaja kutoa santuri kwa alama ya Gallotone, na magitaa ya bei nafuu kwa jina hilohilo. Nembo iliyobandikwa katikati ya santuri ya "Masanga" ndiyo iliyobandikwa pia kwenye gitaa ambalo kijana wa mjini angeweza kulinunua, na Kiswahili kikaigeuza nembo kuwa nomino ya kawaida. (Gitaa aliloanzia John Lennon huko Liverpool katika miaka ya 1950 lilikuwa Gallotone Champion. Jambo hili hutajwa na waandishi wa Uingereza kama kichekesho, kana kwamba ajabu ni gitaa la Afrika Kusini kufika kwa Lennon, na si gitaa kufika Afrika.)

Magitaa ya namna hiyo yalikuwa na mwili mdogo wa mbao nyepesi na nyuzi 6 za chuma. Hayakuwa na mvumo mrefu. Noti ilipopigwa ilisikika kwa ukali, kisha ikafa upesi. Kwa mpigaji wa Ulaya hiyo ni kasoro, kwa sababu anataka sauti zake zichanganyike. Kwa mtindo wa Katanga ilikuwa faida kubwa: noti inayokufa upesi huiachia nafasi noti ifuatayo, na mistari miwili inayopigwa kwa mkono mmoja husikika kuwa ni miwili. Magitaa yaleyale yalikuwa pia magumu kwa mkono wa kushoto, kwani nyuzi zilikaa juu ya shingo na kuzibana kuliumiza vidole. Wapigaji wengi wa Afrika ya kati na ya kusini walikata shauri kwa njia rahisi. Walifunga kijiti au kipande cha penseli kwa uzi juu ya shingo ya gitaa, nyuzi zote zikapanda kwa pamoja kufuata sauti ya mwimbaji, na vidole vikabaki katika mikao michache iliyozoeleka karibu na kijiti hicho.

Njia zilizolileta gitaa Katanga zilikuwa zaidi ya moja. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, sasa Lubumbashi, mwaka 1910, na pamoja nayo zikaja bidhaa na nyimbo za Rhodesia na Afrika Kusini. Reli ya Benguela iliunganisha Katanga na bandari za Angola mwaka 1931. Mabaharia na makarani wa Afrika Magharibi nao walikuwa wamekwisha eneza katika miji ya pwani ya Atlantiki namna ya kudonoa nyuzi kwa vidole viwili. Ni kosa kutafuta asili moja hapa. La maana zaidi ni kwamba mtindo wa kudonoa kwa kidole gumba na cha shahada ulikuta mikono iliyokwisha zoea kazi inayofanana nayo. Mpigaji wa likembe hutumia vidole gumba viwili, kila kimoja kikiwa na sauti zake na mapigo yake, na muziki hutokea katikati yao. Gitaa liliyahamishia mazungumzo hayo kwenye mkono mmoja.

Hapa ndipo kucharaza kunapotofautiana na kudonoa. Anayecharaza huzipitia nyuzi zote kwa pamoja, juu na chini, na anachotoa ni zulia la sauti ambalo juu yake mwimbaji hutembea. Maneno hubaki bwana, gitaa hubaki mtumishi. Bosco hakufanya hivyo. Gumba lake lilishika besi kwa mapigo ya kudumu. Kidole cha shahada kilichora mkondo mwingine kwenye nyuzi nyembamba, mara ukitangulia besi, mara ukichelewa, mara ukiacha pengo mahali sikio lilipotarajia pigo. Wapo waliosikia santuri zake wakaamini kwamba wapigaji walikuwa wawili.

Kuusikiliza "Masanga"

David Rycroft aliyachambua magitaa hayo katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, kwa makala yenye sehemu mbili. Aliandika kwa noti kila alichokisikia, na kichwa cha makala yake kilitumia neno lenye maana ya ubunaji wa papo kwa papo. Kazi hiyo haijazidiwa kwa uangalifu. Lakini Rycroft alikuwa mtaalamu wa muziki, na swali lililomshughulisha ni namna vidole vilivyokwenda. Swali la mhakiki wa fasihi ni tofauti: je, vidole hivyo viliyafanya nini maneno?

Anayeusikiliza "Masanga" hukutana kwanza na gitaa pekee. Mzunguko mfupi unajitokeza, unarudiwa, na katika kila kurudi kitu kidogo kinabadilika: noti inasogea, pengo linazibwa, mkondo wa juu unateremka kwa njia nyingine kufika palepale. Sauti ya mwimbaji inapoingia, msikilizaji tayari anajua ubeti una urefu gani. Ameshafundishwa na nyuzi. Ndiyo maana mwimbaji ana uhuru ambao mtunzi wa kalamu hana. Anaweza kuimba mshororo wa silabi nyingi na kuufuatisha na wa silabi chache, anaweza kumwita rafiki kwa jina, anaweza kunyamaza kabisa, na ubeti usivunjike. Mipaka yake haikuwekwa na maneno. Katika shairi la mwambao kina cha mwisho ndicho kinachogonga kengele kwamba mshororo umefika. Hapa kengele hiyo hupigwa na gumba linaporudi kwenye besi ya mwanzo.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi tungo za Bosco haziwezi kuitwa ushairi huru kwa maana iliyotumiwa katika miaka ya 1970. Zina sheria, na sheria yake ni kali kuliko mizani 16 ya tarbia, kwa kuwa mpigaji akikosa pigo moja kila mtu ukumbini hujua, wakati mshairi aliyezidisha silabi moja huokolewa na msomaji asiyehesabu. Wala hazihitaji kutetewa kwa kuambiwa kwamba hazikujali umbo. Pande zote mbili za mgogoro wa ushairi zingeweza kujifunza kitu hapa: wanamapokeo, kwamba arudhi inaweza kukaa nje ya maneno, wanamabadiliko, kwamba kukosekana kwa vina hakumaanishi kukosekana kwa arudhi.

Pingamizi moja lina nguvu. Ikiwa gitaa hubadilika kila mara, mhakiki achambue matini ipi? Santuri ya wakati huo ilibeba takriban dakika 3 kwa kila upande. Wimbo ambao uani au katika kilabu cha pombe ungeendelea hadi wachezaji wachoke, uliingizwa katika dakika hizo 3 na kukatwa. Kilichohifadhiwa ni sampuli. Zaidi ya hayo, nyimbo hizi zimo katika mazingira ya kazi na burudani, na baadhi yake, lazima isemwe, ni nyepesi: malalamiko ya fedha, mwanamke, rafiki asiye mwaminifu, yakipangwa bila kujisumbua. Anayezitafutia falsafa kila mahali atazibebesha mzigo usio wake. Lakini pingamizi la matini lingewaangusha pia watafiti wa tendi na visasili, ambao kwa miaka mingi wamekubali kwamba fanani haimbi utendi uleule mara mbili. Fasihi simulizi imekwisha wafundisha wahakiki kuishi na matini zinazosogea. Haijulikani kwa nini uvumilivu huo uishie pale nyuzi za chuma zinapoanza.

Nairobi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alifika Nairobi na kukaa kwa muda, akawa na kipindi chake redioni. Jamaa yake Edouard Masengo naye alifika na kupata umaarufu. Masengo alikuwa na sauti laini kumshinda mwenzake, na huenda ndiyo sababu nyimbo zake zilipokelewa haraka; mkono wa kulia wa Bosco ndio uliowasumbua wapigaji. Gitaa halikuwa geni mjini. Fundi Konde, mzaliwa wa Kilifi, alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa nyimbo za Kiswahili zenye kodi tamu, na alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulishika gitaa la umeme. Kwake gitaa lilikuwa gari la kuubeba wimbo uliokwisha kutungwa. Redio ilipoleta mtindo wa Katanga, vijana wa Kenya walisikia kitu cha namna nyingine: gitaa linalojibu.

Jibu lenye nguvu zaidi lilitoka magharibi mwa Kenya. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963 akiwa bado kijana, alijenga juu ya kudonoa kwa vidole viwili mtindo uliojulikana kama omutibo, huku mwenzake akigonga mapigo kwenye chupa ya soda. Mukabi aliimba Kiluhya na Kiswahili, na Kiswahili chake hakikuwa cha Katanga wala cha Mvita. Kinachoshangaza ni kwamba alichokiazima kutoka Kongo hakikuwa maneno. Hakuchukua "mu-" za Katanga wala misamiati ya kambi za shaba. Alichukua uhusiano wa mdomo na mkono: sauti inayoingia ikichelewa, gitaa linalomaliza sentensi ambayo mwimbaji ameiacha hewani. Kama gitaa lingekuwa pambo tu, lisingeweza kuvuka peke yake kutoka lahaja hadi lahaja. Lilivuka kwa sababu lilikuwa bahari ya utunzi, kwa maana ileile ambayo wanamapokeo hulitumia neno hilo.

Katika miaka ya 1960 bendi za Equator Sound Studios, pamoja na Fadhili William na Daudi Kabaka, zilisukuma muziki wa Nairobi kuelekea gitaa la umeme na twist. Kazi ambayo Bosco aliifanya kwa vidole viwili iligawiwa wapigaji watatu: wa besi, wa kucharaza na wa gitaa la mbele. Mgawanyo huo ulileta dansi na kipato. Pia ulimwondolea mtunzi mamlaka yake juu ya ubeti, kwa kuwa aliyeimba hakuwa tena aliyepiga, na mshororo ulilazimika kukubaliwa na bendi nzima kabla haujaimbwa. Omutibo uliendelea vijijini, katika harusi na matanga, mbali na studio.

Bosco mwenyewe alirudi kwao. Mwaka 1969 alipiga gitaa katika tamasha la nyimbo za kienyeji la Newport, Marekani. Serikali ya Mobutu ilipopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, Jean Bosco alitoweka kwenye vyeti na Mwenda wa Bayeke akabaki. Katanga nayo ikawa imeitwa Shaba. Mwaka 1988 alirekodi albamu mjini Cape Town, na mnamo Septemba 1990 akafa katika ajali ya gari. Santuri na kanda alizoachiwa Tracey zimo katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, iliyoanzishwa mwaka 1954 karibu na Johannesburg na kuhamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes mwaka 1978. Zimepangwa kwa ala, kabila na mahali. Anayeitafuta sauti ya Bosco humo huanzia kwenye gitaa, kisha hufika kwenye Kiswahili.